Vidonge vya Mtasema

Vijana wa idara ya mifugo mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na najua mnachokitarajia. Vyeo sitaviandika. Mshahara nao tuuache upumzike, maana hata nilipokuwa kazini ulikuwa unapumzika sana. Nitaandika kuhusu kifaa kimoja ambacho serikali haikunipa na wala haikunidai nilipostaafu, nacho ni tabia ya kushuku. Sasa naishi Kagondo na migomba yangu na kuku wachache, na hata hao kuku nawashuku.

Nilianzia Kishanda, wilaya ya Muleba, nikiwa msichana mwembamba mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yangu. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mutalemwa, afisa mifugo wa siku nyingi, mtu mrefu aliyekuwa akinusa kila chupa kabla ya kuifungua na baada ya kuifunga. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na mtamba anayeharisha. Bwana Mutalemwa akatoa dawa ya minyoo, akaitikisa. Mwenye ng'ombe akanitazama mimi, mgeni, akasema, "Huyu binti aonje kwanza."

Mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, lakini najua baadhi yenu mmetoka mikoa mingine. Kwetu anayetoa ndiye anayeonja. Ukinikaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, unapiga funda la kwanza wewe mbele ya macho yangu, ndipo kibuyu kinakuja kwangu. Si uroho, ni heshima, na chini ya heshima hiyo kuna jambo ambalo kila mmoja analijua na hakuna anayelitamka. Watu wamekufa kwa kikombe cha mkarimu.

Bwana Mutalemwa hakuninyooshea chupa. Alimwambia yule mzee, "Mzee wangu, dawa hii inatafuta minyoo. Binti hana. Ikiingia kwake ikakosa kazi itamtafutia nyingine." Mzee akacheka, akamshika mtamba wake mdomo. Njiani kurudi, Bwana Mutalemwa alisimamisha pikipiki kwa ajili ya kunipa somo. "Usionje dawa kamwe. Ukionja usipokufa, umethibitisha nini? Umethibitisha kwamba wewe hukufa." Kisha akaniambia jambo ambalo nimelitumia mpaka siku ya mwisho. Alisema mnyama hana lugha, kwa hiyo hawezi kudanganya; mwenye mnyama anayo, kwa hiyo sikiliza mnyama kwanza.

Baada ya hapo nilijifunza kazi kwa miguu na pua. Kipimajoto, taa ya mkononi, kamba nzuri ambayo humwazimi mtu, na sabuni yako mwenyewe, kwa kuwa ukiomba sabuni kwenye mji wa watu, yaani nyumbani kwao, unaletewa kipande kilichokwisha kufua kila kitu. Nilijifunza kwamba mtu akikuambia ng'ombe "ameanza leo," ameanza wiki iliyopita. Na akikuambia hajampa chochote, tafuta chupa nyuma ya banda.

Sasa nifike kwenye dawa ninayotaka kuizungumzia, hii ya jamii ya steroidi. Mara ya kwanza kuiona ikifanya maajabu ilikuwa kwa ng'ombe wa maziwa aliyezaa karibuni. Aligoma kula, akawa anatazama ukuta, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva mpaka zikaanza kuchacha. Mwenyewe aliapa kwamba jirani alikuwa amemnywesha ng'ombe wake rubisi. Nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kuamini. Bwana Mutalemwa akanusa, akaniita ninuse. Ng'ombe alikuwa ameishiwa sukari kwenye damu kwa sababu ya maziwa mengi, akaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, na harufu ile inatoka huko. Tukampa maji ya sukari kwenye mshipa na sindano ya deksamethasoni. Kesho yake alikuwa anakula majani ya migomba bila kumtazama mtu.

Sifa za sindano ile zilienda mbali kuliko sisi. Haukupita muda, wakaanza kuja watu wa pikipiki wenye begi la sindano, wakaichoma kwa kila kitu: kwato, macho, kikohozi, hata kwa ng'ombe aliyekuwa na huzuni tu. Ng'ombe wenye mimba kubwa wakaanza kutupa ndama kabla ya siku zao. Hapo majirani walishukiana upya, na mtu wa pikipiki alikuwa amekwisha kuhamia kata nyingine.

Muielewe dawa hii vizuri. Sukari inapoingia kwenye damu, insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie mwilini ikatumike. Steroidi inaliambia ini litengeneze sukari zaidi, na wakati huohuo inafanya misuli isiitikie insulini inapobisha hodi. Kongosho linaongeza insulini ili kufidia. Mnyama mwenye kongosho imara anavumilia. Lakini mbwa jike, kwa mfano, ambaye amepita kwenye joto karibuni, homoni zake za uzazi nazo zinaipinga insulini, na kongosho linazidiwa. Sukari inabaki kwenye damu, inamwagikia kwenye mkojo, inavuta maji, na mnyama anakunywa kama ameapa. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Ijumbi, miaka yangu ya mwisho kazini.

Aliyeniita ni Mzee Ishengoma, mzee wa kanisa la Kilutheri, mjane mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi Mwanza, akija nyumbani kwa nadra. Kwenye mji alibaki mzee, wajukuu wake, na mama yao, Adventina, binti wa Kikatoliki kutoka Kishanda. Adventina ndiye aliyelima, aliyekamua na aliyepika. Mgonjwa alikuwa mbwa jike wa rangi ya udongo aliyeitwa Mtasema. Jina hilo halikuwa la mbwa. Lilikuwa ujumbe kwa majirani.

Nilimkuta Mtasema ameingiza kichwa kwenye ndoo ya ndama, anakunywa. Alikuwa amekonda mgongo lakini tumbo limening'inia, manyoya yamepukutika ubavuni, na ngozi imekuwa nyepesi mpaka nikaona mishipa. Jicho moja lilikuwa limeanza ukungu. Alipochuchumaa kukojoa kando ya mgomba, mzee alinivuta mkono.

"Tazama, Daktari. Subiri kidogo uone."

Sisimizi walikuja. Walitoka kwenye nyasi kwa mistari wakalizunguka eneo lile lenye unyevu.

"Mkojo wa mbwa wa kawaida unaita sisimizi?" aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama jikoni. "Anatiwa kitu. Yule anayempikia ndiye anayemtia. Na si mbwa peke yake. Hata mimi nakunywa maji siku hizi nisitosheke. Nakojoa kama mtoto. Ameanza na mbwa ili ajaribu, mimi ndiye shabaha."

"Umemwambia nani haya?"

"Dada yangu Felisia anajua. Ukoo unakaa Jumamosi. Adventina atarudi kwao Kishanda."

"Na watoto?"

Alinishangaa. "Watoto ni wa ukoo, waitu, mwenzetu. Watoto wanabaki."

Mdogo wa watoto wale alikuwa bado ananyonya, nilimwona mgongoni kwa mama yake. Nikajiambia, wewe mama, sikiliza mnyama kwanza.

Nilimtoboa Mtasema sikio, nikaweka tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, ile ya watu. Mashine ikaandika kwamba sukari imezidi uwezo wake wa kuhesabu. Nikakinga mkojo, nikachovya karatasi ya kipimo, ikageuka rangi hapohapo. Kisukari, sawa. Lakini lile tumbo, yale manyoya na ile ngozi vilisema kingine. Mbwa huyu alikuwa anapata steroidi, tena kwa muda mrefu, na kuna mtu hapa anayejua.

Nikamuuliza mzee, "Amechomwa sindano?" Hapana. "Amepewa dawa yoyote?" Hapana, wallahi hapana, na akaongeza kwamba yeye si mtu wa kuapa.

Nikaenda jikoni. Adventina alikuwa anamenya ndizi, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Alipiga magoti akanisalimu ipasavyo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Daktari, wewe umetumwa na nani? Umeitwa umponye mbwa au umeitwa uje uwe shahidi?"

"Nimeitwa na mbwa," nikamwambia. "Anakula nini?"

"Anakula kilichobaki kwenye sufuria ya wanangu. Kama ni sumu, mbona wanangu wananenepa?" Akatupa ndizi kwenye maji. "Najua wanachosema. Shangazi Felisia alipita hapa jana akahesabu masufuria yangu. Tata, huyu baba mkwe wangu, hali tena chakula changu mpaka nionje mbele yake. Naonja. Kila siku naonja. Na bado Jumamosi watanifukuza."

Nilimwamini, lakini kumwamini mtu si kipimo. Nilimwomba anionyeshe kila chombo, nikanusa kila kitu, mafuta, chumvi, dagaa, hata majivu. Hakukasirika. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hana nguvu za kukasirika.

Nilirudi barazani bila jibu, na mzee akanikaribisha kahawa ya kutafuna, ile ya buni iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri. Alichukua kopo lake dogo la bati, akalitikisa kidogo, akalifungua. Akatia buni moja kinywani mwake, akatafuna nione, ndipo akaninyooshea mkono.

Hapo ndipo Mtasema alipotoka uvunguni mwa benchi. Aliposikia kopo likitikiswa alikuja mbio za mgonjwa, akakaa chini mbele ya mzee, akafungua mdomo. Akasubiri.

Mbwa hali kahawa.

"Mzee wangu," nikasema, "una kopo jingine linalolia namna hii?"

Akacheka kidogo, kama mtoto aliyekutwa na kashata ya kuiba. "Aa, vile? Vile si dawa, Daktari. Wewe umeuliza dawa. Vile ni vidonge vya kuwashwa tu. Alikuwa anajikuna, kijana wa pikipiki akaniuzia. Dawa ni sindano."

Akaniletea. Kopo lilikuwa na vidonge vidogo vyeupe, na nilivijua kabla sijavigusa. Prednisoloni, steroidi ya vidonge. Nikamuuliza anampa vingapi, tangu lini. Tangu kabla ya msimu wa senene uliopita. Kila asubuhi.

"Na humo sumu haiwezi kuwamo," akasema haraka, maana sasa alikuwa ameona uso wangu. "Nimehakikisha mwenyewe. Yule kijana simjui kwao. Kwa hiyo naonja kwanza."

"Unaonjaje kidonge?"

"Kimoja changu, kimoja chake. Anaona nimemeza, naye anameza."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile, na ninyi mjifunze, mwenye mnyama naye atazamwe. Mashavu yalikuwa yamejaa, mekundu kidogo, mashavu ya mtu wa arusi. Miguu chini ya kaptula ilikuwa imekonda. Mikononi alikuwa na madoa ya damu iliyovilia bila kugongwa. Jagi la maji lilikuwa miguuni pake, na lilikuwa tupu.

"Magoti yako, mzee? Nakumbuka miaka ya nyuma ulikuwa unatembelea fimbo."

Uso wake uliwaka. "Yamepona! Kabisa. Kanisani wanasema nimerudi ujana. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema," nikasema. "Lete kidole."

Alikataa. Hakukataa kwa hofu, alikataa kwa heshima yake. "Unipime kwa mashine ya mbwa?" Nikamwambia mashine ni ya watu, mbwa ndiye aliyeazima. Aliangalia jikoni, aliniangalia mimi, na niliona wazo likimpita usoni kwamba Adventina amenihonga. Lakini kiu ilikuwa yake na si ya mtu mwingine. Akanyoosha kidole. Sukari yake haikuwa ya kuzidi mashine, ila ilikuwa ya kumfikisha hospitali siku hiyohiyo, na mimi si daktari wa watu. Nilimwambia mambo mawili tu: aende leo, na asiviache vidonge ghafla kwa hasira, yeye wala mbwa. Mwili uliozoea kuletewa steroidi kila asubuhi unasahau kujitengenezea yake. Ukiikata siku moja, mtu anaweza kuanguka asiinuke. Hupunguzwa polepole na anayejua.

"Na magoti?" akauliza.

"Magoti yatarudi yalivyokuwa."

Niliona anapima. Upande mmoja fimbo, upande mwingine mwanamke wa watu na watoto wake, na sikuipenda namna alivyochukua muda mrefu kupima.

Kwa Mtasema sikuanza insulini. Mtaniuliza kwa nini. Insulini inataka mkono mmoja wa kuchoma kila siku kwa saa ileile, na mnyama awe amekula. Kwenye mji ule hakukuwa na mtu aliyemwamini mwenzake na sindano. Mbwa alikuwa bado anakula, pumzi yake haikuwa na ile harufu mbaya ya ndizi, kwa hiyo niliamua kupunguza vidonge kwanza na kupima mara kwa mara. Baadaye nilimfunga kizazi, ili joto jingine lisituharibie kazi.

Jumamosi nilikwenda bila kualikwa. Walikuwa wamekaa chini ya upenu, wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mzee Ishengoma alikuwa amekwisha kwenda hospitali na kurudi, na alijua kila kitu. Nilitegemea aanze yeye. Hakuanza. Alitazama fimbo iliyokuwa mapajani pake.

Ma Felisia ndiye aliyesema, mwanamke mnene mwenye kanga mpya. "Mbwa ana sukari. Kaka yangu ana sukari. Ugonjwa mmoja, siku moja, mji mmoja. Wanakula kwa nani? Kwa mpishi mmoja. Sisi si watoto."

Vichwa viliitikia. Adventina alikuwa amepiga magoti pembeni, mtoto mdogo kifuani. Hakulia. Aliulizwa kama ana neno, akasema, "Nilisema jikoni. Hapa sina jipya."

Nikaomba ruhusa. "Wazee wangu, mama yangu Felisia amesema kweli. Ugonjwa ni mmoja na aliyewalisha ni mmoja. Nimeliona kopo lake. Lakini mimi ni daktari wa wanyama, siwezi kumsemea mtu mwenye kinywa."

Mzee mmoja akakohoa. Hatimaye Mzee Ishengoma akasema, akiitazama fimbo bado, "Ni mimi. Nilimlisha mbwa, nikajilisha mwenyewe. Kidonge kwa kidonge. Nilikuwa naonja."

"Mawe, mama yangu!" akasema Ma Felisia. "Ulikuwa unamwonjea mbwa?"

Mtu akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza kikao. Wazee wakasafisha koo, wakasema yameisha, wakasema Adventina asimame, abaki kwake kwa amani, na rubisi iletwe.

Adventina hakusimama. "Nashukuru, waitu," alisema. "Nitabaki kwa ajili ya wanangu. Kibanja nitapalilia. Ng'ombe nitakamua, maji ya Tata nitateka. Lakini sitampikia tena. Nimeonja mbele yake kila siku na hakuniamini. Kidonge cha mtu asiyemjua alikiamini. Ale kwa mkono ambao hautamtia wasiwasi."

Hakuna mila aliyoivunja ambayo mtu angeweza kuitaja kwa jina, maana hakumtukana mtu na hakuacha kazi. Rubisi ililetwa, ikanywewa haraka.

Nilirudi mara kadhaa kumpima Mtasema. Sukari ilishuka polepole kadiri vidonge vilivyopungua, mpaka siku moja mashine ikasoma sawa na mbwa yeyote. Manyoya yalirudi. Jicho halikurudi, likabaki na ukungu wake, na la pili likafuata. Mbwa huyo sasa anatembea kwa pua.

Mara ya mwisho nilipokwenda, kabla ya kustaafu, nilimkuta Mzee Ishengoma ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, fimbo imeegemea ukuta. Mashavu yalikuwa yamepungua, amerudi kuwa mzee. Mapajani alikuwa na mkungu mdogo na kisu. Mwanaume wa Kihaya wa umri ule kumenya ndizi mchana kweupe, mimi sikuwahi kuona. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na maganda yalikuwa manene kiasi kwamba nusu ya ndizi ilikuwa inakwenda nayo.

"Daktari," akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie nimekosa."

"Yuko hapo, mzee. Mwambie."

"Nimemwambia. Alinijibu vizuri. Alipiga magoti."

Adventina alipita na ndoo ya maji, akamwekea jagi lake limejaa, akapiga magoti, akamsalimu, akaondoka. Yote yalikuwa kamili. Kutoka jikoni kwake ilikuja harufu ya samaki na nyanya chungu, na sauti za watoto wakigombania nafasi. Mzee aliinua uso, akaivuta ile harufu muda mrefu. Kisha akaokota ndizi nyingine.